SOMO LETU: Tumbaku, Ebola na « mbegu ya dawa »: mmea unatengeneza dawa namna gani?



Mwezi uliopita tulikuwa katika kikao cha koperative moja upande wa Beni. Somo la siku ile lilikuwa kuchagua mbegu ya maharagi. Tulipokuwa tunafunga, mama mmoja akainua mkono, akasema: « Bwana agronome, miye niko na swali ingine. Wakati wa Ebola walituambia dawa moja ilitoka mu majani ya tumbaku. Sasa kuko mtu anapitapita hapa, anasema ataleta mbegu ya dawa, tulime, naye atanunua kilo kwa bei kupita kahawa. Kila mtu alipe dola 10 ya kujiandikisha. Tufanye nini? »

Kabla hatujajibu, mzee mmoja akaongeza: « Na jirani yangu anachemsha tumbaku ya nyuma ya nyumba, anakunywesha watoto wakishikwa na homa. Anasema ni ile ile ya Ebola. »

Jua lilikuwa limekwisha kushuka na watu walikuwa na njia ndefu ya kurudi. Tulisema mambo mawili tu: msilipe kwanza, na yule jirani aache leo hii. Tukaahidi kuandika somo zima. Ndilo hili. Tunaomba katibu wa kila koperative alisome kwa sauti kwenye kikao, ili na wale wasiosoma wapate.

1. Mimea yenye dawa yake, na mimea inayopewa kazi

Wote tunajua mimea yenye dawa ndani yake. Hapa Kivu mfano mkubwa ni mti wa kenkina. Tangu zamani za Wabelgiji watu wa milima yetu wanaupanda, wanabandua ganda, wanalikausha na kuliuza. Kiwanda, kama kile cha Bukavu, kinatoa kinini katika ganda hilo, na kinini inatibu malaria. Mti wenyewe ndio unaoitengeneza kinini, hakuna mtu aliyeufundisha. Artemisia vilevile: ndani ya majani yake kuna artemisinine, ambayo viwanda vinaitoa na kuitumia, pamoja na dawa nyingine, katika vidonge vya malaria vya siku hizi.

Lakini kuna jambo la pili, na hilo ndilo mama alilouliza. Kuna mimea isiyo na dawa ile hata kidogo, ila watu wa labo wanaipa kazi ya kuitengeneza. Tumbaku ni ya namna hiyo. Tumbaku ya shambani haina dawa ya Ebola. Haikuwa nayo zamani, haina leo.

Fikirini mashine ya kusaga ya koperative. Leo inasaga muhindi wenu. Kesho jirani anakuja na muhogo wake mukavu, mnamsagia, anaenda na unga wake. Ule unga ulitoka mu mashine, ni kweli. Lakini asiyeleta muhogo hawezi kuja kudai unga wa muhogo kwa sababu tu mashine iko pale. Katika habari ya dawa ya Ebola, tumbaku ilikuwa mashine. Muhogo, ni kusema maagizo ya dawa, uliletwa kutoka mahali pengine.

2. Maagizo hayo ni nini?

Kila kitu chenye uhai, kuanzia mtu, mbuzi, muhogo, hata mikrobe, kina ndani yake maagizo ya namna ya kujijenga. Agizo moja linaitwa jeni. Jeni inaambia mwili: tengeneza kitu hiki. Na mara nyingi kitu chenyewe ni protini.

Tunaposema protini, wengi wanafikiri maharagi, soya, nyama na samaki. Ni sawa, ni chakula cha kujenga mwili. Lakini ndani ya mwili kuna protini za kazi nyingi. Insulini ni protini inayosaidia mwili kutumia sukari ya damu. Anayeikosa anapata ugonjwa wa sukari. Kingamwili nazo ni protini. Ni kama askari: mikrobe ikiingia, mwili unatengeneza kingamwili zinazoshika mikrobe ile hasa, si nyingine.

Jambo la ajabu ni hili: viumbe vyote vinasoma maagizo hayo kwa alfabeti moja. Ukichukua jeni ya mtu ukaiingiza kwa ufundi ndani ya mikrobe au mmea, mmea ule unaweza kuisoma na kutengeneza protini ya mtu. Mmea uliobadilishwa jeni hivyo ndio tunaouita OGM.

Kazi hii ilianza na mikrobe kabla ya mimea. Zamani insulini ya wagonjwa wa sukari ilitolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka 1982, Marekani ilikubali kuuza insulini ya kwanza iliyotengenezwa na bakteria waliopewa jeni ya insulini ya mtu. Siku hizi sehemu kubwa ya insulini mnayoiona hospitalini inatengenezwa na bakteria au na hamira, mdudu yule yule wa kuumua mkate. Halafu mwaka 1989 watafiti wakaonyesha kwamba mmea wa tumbaku pia unaweza kutengeneza kingamwili.

3. Kazi inavyofanyika, hatua kwa hatua

Tumbaku inayotumika sana si ile ya kuvuta. Ni ndugu yake mdogo kutoka Australia, jina lake la kitaalamu Nicotiana benthamiana. Ina majani laini, inakua upesi, na haijui kujitetea sana mbele ya virusi. Kwa mkulima hiyo ni kasoro. Kwa mtu wa labo ni faida, kwa sababu anataka mmea unaokubali kuingiliwa.

Hatua ya kwanza. Mimea inaoteshwa ndani ya nyumba iliyofungwa, yenye taa na joto linalopimwa. Inakaa humo kama wiki nne mpaka sita. Haitoki nje hata siku moja.

Hatua ya pili. Watu wa labo wanachukua mikrobe ya udongo inayoitwa Agrobacterium. Kwa asili yake, mikrobe hii inaingia katika jeraha la mmea na kuacha humo kipande cha jeni zake, na mmea unatoa uvimbe kwenye shina karibu na udongo. Wenye kulima maua ya roza na miti ya matunda wanaujua uvimbe huo. Ni kusema mikrobe hii ilijua kubadilisha jeni za mimea kabla ya mtu yeyote kuwa na labo. Watafiti wanaondoa sehemu inayoleta uvimbe, wanaweka mahali pake agizo la dawa.

Hatua ya tatu. Mimea inageuzwa kichwa chini, majani yanazamishwa katika maji yenye mikrobe hiyo. Mashine inavuta hewa iliyo ndani ya majani. Hewa ikirudishwa, maji yanaingia katika majani kama maji yanavyoingia katika sifongo. Mimea inarudishwa penye taa.

Hatua ya nne. Kwa muda wa kama wiki moja majani yanasoma agizo na kutengeneza protini. Mara nyingi wanatumia pia vipande vya virusi vya mozaiki ya tumbaku, ili agizo liongezeke haraka ndani ya jani. Ninyi mnaojua mozaiki ya mihogo mmeona namna virusi vinavyotawala mmea mzima. Hapa nguvu hiyo inafanyishwa kazi.

Hatua ya tano. Majani yanavunwa na kusagwa. Unapata maji ya kijani yenye vitu maelfu: nikotini, rangi ya majani, sukari, protini za mmea wenyewe, na ndani yake kidogo tu ya ile protini ya dawa. Sasa inaanza kazi ngumu: kuchuja, kutenganisha, kuchuja tena, kupima kama kuna sumu au mikrobe, kupima kama kila chupa ina nguvu sawa na nyingine. Sehemu kubwa ya gharama ya dawa iko hapa, si katika kulima.

Angalieni vizuri mambo mawili. Kwanza, katika njia hii agizo la dawa linaingizwa katika majani ya mmea uliokwisha kukua. Haliko katika mbegu. Ukiiba mbegu ya mmea ule, hukuiba dawa. Pili, hata jani lenye dawa, kama halijasafishwa, si dawa. Tena kingamwili hizi zinaingizwa katika mshipa wa damu. Ukizinywa, tumbo litazimeng'enya kama linavyomeng'enya maharagi.

4. Dawa ya tumbaku ilivyofika kwetu

Mwaka 2014 Ebola ilipoua watu wengi Liberia, Sierra Leone na Guinea, dawa moja ilisikika duniani kote: ZMapp. Ilikuwa mchanganyiko wa kingamwili tatu zinazoshika virusi vya Ebola. Kampani ya Marekani iliyoitengeneza iliotesha kingamwili hizo katika tumbaku ndogo tuliyoieleza, katika jimbo la Kentucky, ambako watu wanalima tumbaku tangu zamani. Wagonjwa wachache walipewa, wengine wakapona. Lakini mwezi wa 8 mwaka ule ule kampani ikasema akiba imekwisha. Mimea ilikua upesi, ila kupata dawa safi ya kutosha kulichukua miezi.

Wagonjwa wachache kupona si ushuhuda wa kutosha. Labda wangepona hata bila ile dawa. Kwa hiyo watafiti walifanya jaribio na wagonjwa 71. Katika 36 waliopewa ZMapp pamoja na matunzo ya kawaida, walikufa 8. Katika 35 waliopata matunzo ya kawaida peke yake, walikufa 13. Ilionekana dawa inasaidia, lakini watu walikuwa wachache mno, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika. Ugonjwa ukapungua, jaribio likasimama mwanzo wa 2016.

Halafu tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, Ebola ilitangazwa kwetu Kivu ya Kaskazini. Hatuna haja ya kuwaeleza miaka ile. Mpaka ilipotangazwa kwisha, mwezi wa 6 mwaka 2020, wagonjwa walifika 3,470, na waliokufa 2,287. Katika koperative zetu kuna mashamba ambayo mpaka leo yanalimwa na wajane na mayatima wa wakati ule.

Mwezi wa 11, 2018, likaanza jaribio lililopewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye wote mnamjua, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walipewa moja ya dawa nne, na dawa ilichaguliwa kwa kura, ili mganga asiwape wenye nguvu dawa anayoipenda. ZMapp ilikuwa moja ya hizo nne. Kwa hiyo yule mama alisikia sawasawa: dawa iliyotoka mu tumbaku ilifika Beni.

Sasa tusikie matokeo. Kwa wagonjwa 100 waliopewa ZMapp, walikufa karibu 50. Kwa 100 waliopewa dawa iliyoitwa mAb114, walikufa 35. Kwa dawa iliyoitwa REGN-EB3, walikufa karibu 34. Dawa ya nne, remdesivir, ilikuwa karibu na ZMapp, walikufa 53. Mwezi wa 8, 2019, baada ya kuandikisha wagonjwa 681, wasimamizi waliona tofauti hiyo, wakasimamisha jaribio. Tangu siku ile wagonjwa wakapewa zile mbili zilizoshinda.

Hizo mbili hazikutoka katika mmea. Nazo ni kingamwili, lakini zinatengenezwa na chembe za hamster, mnyama mdogo anayefanana na panya, zinazofugwa katika mapipa ya kiwanda. Na mAb114 ina asili ya kwetu: agizo lake lilipatikana katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Mkongomani mmoja alipona, na miaka zaidi ya 20 baadaye kingamwili yake ikawatibu Wakongomani wengine. Tena inatolewa mara moja tu, wakati ZMapp ilitakiwa kutolewa mara tatu.

Je, tuseme tumbaku imeshindwa? Hapana. Mmea ulifanya kazi yake, ukatengeneza kingamwili ulizoagizwa. Ila kingamwili zile tatu hazikushinda nyingine mbele ya mgonjwa. Mmea, mnyama au mikrobe, dawa yoyote inapimwa kwa swali moja: waliopewa walipona kuliko wengine? Na jaribio lile lilifundisha jambo jingine la kushika: wagonjwa waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache katika damu, wakapewa moja ya zile dawa mbili bora, karibu 90 kwa 100 walipona. Ebola ikirudi, ni kwenda kituo cha afya siku ya kwanza ya homa. Anayepoteza siku tatu akinywa majani anapoteza siku tatu ambazo dawa ingefanya kazi.

5. Wengine wamefika wapi?

Msifikiri kazi ya mimea imekwisha. Mwaka 2012 Marekani ilikubali dawa ya ugonjwa unaoitwa Gaucher, ugonjwa wa kurithi unaovimbisha wengu na ini na kudhoofisha mifupa. Dawa hiyo ni protini inayotengenezwa na chembe za karoti, katika kiwanda kimoja cha Israeli. Lakini usitafute shamba la karoti. Chembe zinakuzwa katika mifuko mikubwa ya plastiki yenye maji na chakula chao, ndani ya chumba safi. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya protini kutoka chembe za mmea iliyokubaliwa kwa watu.

Mwaka 2022 Canada ilikubali chanjo ya Covid iliyotengenezwa katika tumbaku ile ndogo, huko Québec. Lakini OMS haikuipokea, kwa sababu kampani ya sigara ilikuwa na hisa ndani ya ile kampani ya chanjo. Mwaka uliofuata wenye mali wakafunga kazi yote.

Tunawaeleza haya ili muone mafasi ya mkulima katika kazi hii. Katika mifano yote mitatu, tumbaku ya Kentucky, karoti ya Israeli, tumbaku ya Québec, hakuna mkulima aliyeuza majani kwa kilo. Kila kitu kilikaa ndani ya kuta.

6. Kwa nini ndani ya kuta? Habari ya soya ya Nebraska

Walijaribu pia nje. Kampani moja ya Marekani, ProdiGene, ililimisha muhindi uliobadilishwa jeni ili punje zake zitengeneze protini za dawa. Muhindi ule ulipandwa shambani kama muhindi mwingine, chini ya masharti. Baada ya mavuno ya 2001, shamba moja katika jimbo la Nebraska lilipandwa soya.

Ninyi ni wakulima, mnajua kilichofuata. Punje zilizoanguka zinaota. Mwaka 2002 wakaguzi waliona muhindi ukisimama kati ya soya. Amri ilikuwa kuung'oa wote, lakini haikufuatwa vizuri. Soya ikavunwa pamoja na vipande vya muhindi ule, ikapelekwa ghalani, ikachanganywa na soya ya wakulima wengine. Serikali ikafunga ghala. Soya tani zaidi ya 13,000 ikaharibiwa isiliwe na mtu wala mnyama. Kampani ikatozwa faini ya dola 250,000, tena ikalipa gharama ya kununua na kuharibu soya yote, karibu dola milioni 3.

Hapo kulikuwa na wakaguzi, na kampani yenye kulipa. Sasa tujiulize wenyewe. Sisi tunapanda muhindi, maharagi na muhogo katika shamba moja. Tunabadilishana mbegu na jirani kwa ndoo na kwa kikapu. Poleni ya muhindi inaruka mpaka shamba la pili. Ghala la koperative ni moja, na magunia yanafanana. Muhindi wenye dawa ukiingia kwetu, nani ataung'oa wote? Na mtoto atakayekula ugali wa dawa asiyoihitaji, nani atajua? Ndiyo maana tunasema bila kuficha: mmea wa dawa namna hii haufai kuwa zao la chakula, wala kukaa karibu na zao la chakula.

7. Basi tufanye nini?

Kuhusu majani ya tumbaku. Msichemshe, msinywe, msinyweshe mtoto, msipake kwenye kidonda. Nikotini ni sumu. Hata watu wanaovuna tumbaku mbichi ikiwa na maji wanaugua kichwa, kizunguzungu na kutapika, kwa sababu nikotini inapita katika ngozi. Mtoto mdogo anaweza kufa kwa kiasi kidogo. Mtoto aliyekwisha kunywa na anatapika, anatoka jasho au analegea, apelekwe kituo cha afya mara moja, na mganga aambiwe kweli alikunywa nini.

Kuhusu dawa ya hospitali. Wengine wakisikia OGM wanaogopa hata sindano. Insulini ya mgonjwa wa sukari inatoka kwa mikrobe iliyobadilishwa jeni, na inamfanya aishi. Anayeiacha kwa sababu ya neno OGM anajiua. Kilicho ndani ya chupa ni protini iliyosafishwa na kupimwa. Mikrobe haimo, mmea haumo.

Kuhusu mtu mwenye « mbegu ya dawa ». Akija, msimfukuze, msimtukane. Mkaribisheni mbele ya komite, mmuulize maswali haya, na katibu aandike majibu:

– Mmea huu unaitwaje kwa jina lake kamili, na dawa gani inatoka ndani yake?
– Ni dawa ya mmea wenyewe, kama kenkina, au mmea umebadilishwa jeni?
– Kama umebadilishwa, barua ya serikali iko wapi? Nchi yetu imekubali Protokoli ya Cartagena, inayosema mbegu hai iliyobadilishwa jeni haipiti mpaka kwenda kupandwa kabla serikali haijaarifiwa na kukubali.
– Kiwanda kitakachonunua kiko wapi? Tunaweza kuzungumza nacho bila wewe?
– Kiwanda kimeandika kilo ngapi, bei gani, na malipo siku gani?
– Mavuno yakikataliwa, nani atalipa hasara?
– Kwa nini mkulima anatoa pesa kwanza?

Swali la mwisho ni zito. Mnunuzi wa kweli wa zao jipya huwa anatoa yeye mbegu au anakopesha. Mwenye kudai dola 10 kwa kila kichwa amekwisha kupata mavuno yake kabla ya mvua. Majibu yakikosekana, pelekeni jambo kwa inspekta wa kilimo wa territoire, au mtuite sisi.

Na wanaotaka kweli kulima zao la dawa wasikate tamaa. Kenkina iko, udongo wake na baridi yake tunayo milimani, na wenye kuilima wanajulikana, unaweza kwenda kuwauliza. Lakini hata huko, mwanzo ni kupata mnunuzi kwa karatasi, kisha kitalu. Kenkina inachukua miaka kabla ya ganda kufaa. Atakayewaambia atavuna utajiri wa dawa kwa msimu mmoja hajui mmea au anajua uongo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Gawanyikeni watu watano watano, mzungumze kwa muda wa nusu saa, kisha kila kikundi kiseme mbele ya wote.

1. Kuna tofauti gani kati ya kinini katika ganda la kenkina na kingamwili katika tumbaku ya Kentucky?
2. Mtu akisema « nimeiba mbegu ya ile tumbaku ya Ebola », mtamjibu nini?
3. Katika jaribio la Pamoja Tulinde Maisha, kwa nini dawa zilitolewa kwa kura?
4. Tembeeni katika ghala lenu. Mbegu geni ikiingia leo, mngeweza kuitenga? Alama gani zinakosekana kwenye magunia?
5. Nani katika kijiji chetu anatumia tumbaku kama dawa, na nani ataenda kuzungumza naye kwa heshima?

Neno la mwisho juu ya koperative ile ya upande wa Beni. Prezidenti wao ametuandikia. Walimwita yule mtu mbele ya komite, wakamwomba barua ya serikali na jina la kiwanda. Alisema anaenda kuzileta mjini. Mpaka tunapoandika, wiki tatu zimepita, hajarudi. Watu 14 walikuwa wamekwisha kumlipa kabla ya kikao. Zile dola 140 zingenunua mbegu ya maharagi ya msimu kwa nyumba nyingi.

Yule jirani wa mzee, yeye ameacha. Mzee alienda kwake na mke wake, wakakaa, wakaeleza polepole, bila kumwaibisha mbele ya watu. Aliuliza swali moja tu: « Sasa mtoto akishikwa na homa usiku nifanye nini? » Swali hilo ni la haki. Kituo cha afya kiko mwendo wa saa mbili. Tumelipeleka kwa wenzetu wa kazi ya afya, na jibu lao tutaliandika katika toleo lijalo.

Tuandikieni maswali yenu kupitia katibu wa koperative, nasi tutayajibu hapa hapa.